Matumbawe ya Pwani na Udongo wa Korogwe na Handeni

Matumbawe makubwa aina ya Porites hujenga kiunzi cha chokaa kwa madini ya maji ya bahari. Hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka linaloonekana kwa eksirei. Mwaka 1972 Knutson, Buddemeier na Smith walithibitisha jambo hilo kwa matumbawe ya Enewetak, kisiwa cha Pasifiki kilichotumiwa kujaribia mabomu ya nyuklia: mabaki ya mionzi yalilingana na miaka ya milipuko.

Baada ya tabaka kuhesabiwa, kemia ndiyo husimulia. Bahari ikipata joto, strontiamu katika kiunzi hupungua ikilinganishwa na kalsiamu, na uwiano wa isotopi za oksijeni hubadilika. Kwa njia hiyo Julia Cole na wenzake, wakiwemo McClanahan na Muthiga waliofanya kazi Kenya, walisoma miaka 194 ya tumbawe la Malindi. Matokeo yao ya mwaka 2000 yalionyesha ongezeko la joto la hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati ambapo joto la maji yale halikuwa likipimwa mara kwa mara. Mwaka 2007 Fleitmann na wenzake walipima, katika tumbawe la huko huko, bariamu, elementi inayofika baharini pamoja na tope la Mto Sabaki. Katika rekodi ya miaka 300, tope liliongezeka waziwazi katika karne ya 20, ardhi ya bara ilipolimwa kwa namna mpya.

Hapo ndipo Korogwe na Handeni, wilaya za Mkoa wa Tanga nchini Tanzania, zinapoingia, kwani nazo hupeleka tope baharini. Mto Pangani hupita Korogwe, ambako reli ilifika 1902 na mashamba ya mkonge yakafuata. Mto Msangazi hutoka Handeni. Mito yote miwili huishia baharini upande wa Pangani. Atakayesoma bariamu katika matumbawe ya huko lazima akumbuke mabwawa ya Nyumba ya Mungu na Hale ya miaka ya 1960, kwani bwawa huzuia tope.

Matumbawe huhifadhi pia historia ya asidi ya bahari, ambayo husomwa kwa isotopi za boroni. Hewa ya ukaa imeshusha pH ya bahari duniani kutoka takriban 8.2 hadi 8.1 tangu enzi za viwanda. Usomaji wa boroni hiyo ni mgumu, maana tumbawe hurekebisha lenyewe pH ya maji linamojengea chokaa.

Pwani ya Tanga imeumizwa na uvuvi wa baruti kwa miongo mingi. Matumbawe makongwe yaliyosalia huko yanastahili kulindwa na kuchukuliwa sampuli sasa, kwa sababu tumbawe la mita mbili huchukua karibu miaka 200 kukua.