Soli ya Mlimani na Njia Panda ya Babati

Katika maandishi ya Kiingereza ya wapanda miamba, hasa ya miaka ya 1950 na 1960, utakuta neno la Kijerumani lililohamia zima zima: kletterschuhe, viatu vya kukwelea. Waingereza walikuwa na buti zao, tena wakijivunia, ila kiatu hiki walikipokea pamoja na jina lake. Sisi tuliotawaliwa na Wajerumani tulibaki na shule na hela. Kiatu cha mwamba hakikutufikia kwa jina lolote.

Mwishoni mwa karne ya 19, mpanda mlima wa Alps alivaa buti la ngozi lililopigiliwa misumari kwenye soli. Misumari hushika udongo, majani na theluji ngumu, lakini juu ya jiwe kavu na laini huteleza. Ndipo watu wa Dolomites na wa milima ya mashariki ya Alps wakaanza kubeba kiatu cha pili, chepesi, chenye soli ya kamba zilizosukwa au ya sufu iliyoshindiliwa. Wakifika chini ya ukuta wa jiwe, buti walilivua na kile chepesi wakakivaa. Huko Saxony, kwenye minara ya mawe ya mchanga karibu na Dresden, wengine walikwea pekupeku. Pekupeku hiyo imeandikwa kama ustadi. Ya wapagazi wa Kiafrika, inapotajwa, huandikwa kama umaskini.

Wajerumani wenye mazoea hayo walifika hadi milima yetu. Mwaka 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mwini Amani wa Pangani alikuwa nao kwenye kambi ya juu, na jina lake limo katika kitabu cha Meyer. Mwaka 1906 na 1907 mwanajiografia Fritz Jaeger alizunguka nyanda za juu za Ngorongoro na jirani zake, akiandamana na Eduard Oehler. Oehler huyo ndiye aliyerudi mwaka 1912 na Fritz Klute, wakafika kilele cha Mawenzi. Kibo mtu hukitembea. Mawenzi ni jiwe, tena jiwe bovu linalomeguka mkononi, na hapo ndipo mtu hutambua tofauti kati ya buti la safari na kiatu cha mwamba.

Kiatu chepesi kilikuwa na kasoro yake, nayo ilionekana wazi mwaka 1935 kwenye mlima wa Punta Rasica, Italia. Dhoruba iliwakuta wapandaji wakiwa na viatu vya mwambani, visivyofaa baridi wala barafu, na watu sita wakafa. Vitale Bramani, aliyekuwa kwenye safari hiyo, alitafuta soli moja ya kufaa jiwe, tope na theluji. Aliipata kwenye mpira wenye meno, na aliyemsaidia ni Pirelli, kampuni ya kutengeneza matairi. Soli hiyo, Vibram, ilianza mwaka 1937. Kletterschuhe ya Waingereza wa miaka ya 1950 ilikuwa tayari buti jepesi la ngozi lenye soli ya mpira. Kamba na sufu vilikuwa vimesahaulika.

Babati nayo ilipata mpira wake, kwa njia nyingine. Mji huu umekua kwenye njia panda, pale barabara ya Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya enzi za Waingereza, inapoachana na ya Singida. Magari yalileta matairi, na tairi lililokwisha likawa katambuga: soli iliyochongwa kwa kisu, mikanda ya mpira, misumari midogo. Hakuna mwiba wa mgunga unaoipenya kirahisi. Kwa mfugaji wa Kibarbaigi anayeswaga ng'ombe chini ya Mlima Hanang, kiatu hicho kinamfaa kuliko buti la bei mbaya. Kwenye mteremko wa tope, hata hivyo, mguu huserereka ndani ya mikanda, na Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, una miteremko ya kutosha.

Viatu vya kisasa vya kukwelea, vyenye raba inayonata na kubana vidole, ni habari ya wachache. Swali letu zito ni la wapagazi. Huko Moshi, mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi hao buti na nguo za baridi bila malipo, kwa sababu wapo waliokuwa wakibeba mizigo ya watalii hadi kwenye baridi kali wakiwa na raba za mjini.

Siku hizi buti zenye kile kibandiko cha njano cha Vibram huja na mitumba. Soli ikiisha, fundi viatu huibandua na kuweka kipande cha tairi.