Bafle na ampli: namna ya kuzipatanisha bila kuunguza kitu

Mtu anaweza kununua bafle za bei kali za Ulaya ao Marekani, kisha akashangaa: sauti ni nyembamba, inakwaruza, ao siku moja inanyamaza kabisa. Mara nyingi bafle ni nzima na ampli ni nzima, lakini viwili havipatani. Mbele ya kulipa, kuna namba tatu za kusoma nyuma ya vyombo ao katika karatasi yavyo: omu, desibeli na wati.

Omu: bafle inavuta kuran ngapi?

Omu (alama Ω) inaonyesha namna bafle inazuia kuran kupita. Bafle nyingi za nyumbani ziko na omu 8, 6 ao 4. Namba ikishuka, ampli inatoa kuran mingi zaidi: kwa volti zilezile, bafle ya omu 4 inavuta mara mbili kuliko ya omu 8. Tena namba hiyo haikai fasi moja. Bafle iliyoandikwa 8 inaweza kushuka hadi 5 ao chini yake, kufuatana na muziki.

Kwa hiyo ampli iliyoandikwa "8–16 Ω" haipashwi kufungwa kwa bafle ya omu 4. Inaweza kupata joto kali, kujizima ao kuungua.

Wanaofunga bafle mingi kwa ampli moja wafanye hesabu pia. Bafle mbili za omu 8, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, zinakuwa omu 4. Zikiwa ine, zinakuwa omu 2, na ampli nyingi za nyumbani haziwezi kuvumilia hapo.

Desibeli: wati moja inaleta sauti gani?

Namba hii inapimwa kwa wati 1, metre 1 mbele ya bafle. Nyingi za nyumbani ziko kati ya 85 na 90. Kuongeza desibeli 3 kunaomba wati mara mbili. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, inaomba desibeli karibu 10, maana yake wati mara kumi. Ndiyo maana mtu anayetoka ampli ya wati 50 na kununua ya wati 100 anasikia tofauti kidogo tu.

Bafle mbili zenye sifa duniani zinaonyesha jambo hilo. Klipschorn ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, inatoa karibu desibeli 105 kwa wati moja; ampli ya wati chache inaijaza nyumba. LS3/5A, bafle ndogo iliyobuniwa na BBC kwa kusikiliza vipindi ndani ya magari ya utangazaji, inatoa karibu 83. Ili ifikie sauti ya Klipschorn ingeomba zaidi ya wati 150, na ingeungua mbele ya kufika. Zote mbili ni nzuri, lakini hazifai ampli moja wala chumba kimoja.

Wati: ampli ndogo nayo inaunguza

Wengi wanaogopa ampli kubwa tu. Lakini ampli ndogo ikisukumwa hadi mwisho inaishiwa nguvu, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na joto linaingia kwa twita. Hivyo ampli ya wati 30 inaweza kuunguza twita ya bafle ya wati 100. Sauti ikianza kukwaruza, ipunguzwe palepale.

Inafaa wati za ampli zikaribie zile bafle inavumilia, ao zizidi kidogo, kwa omu zilezile. Zisomwe wati za RMS. Namba kubwa za "PMPO" kwenye karto ni za kuuzisha tu.

Nyumba za batiri na sola

Ampli ya daraja A inakula kuran mingi hata muziki ukiwa kimya. Ya daraja D inaweza kugeuza karibu asilimia 90 ya kuran kuwa nguvu ya kusukuma bafle. Hiyo inafaa zaidi kwa batiri. Na fasi volti zinashuka magharibi, ampli nyingi zinapoteza nguvu na kukwaruza mapema.

Dawa bora ni kujaribu bafle na ampli pamoja dukani, kwa muziki unaojulikana, nusu saa. Sauti ikibaki safi na ampli haichomi mkono, viwili vinapatana.