Nyumba ya Sanaa, na Neno kwa Wenye Vilabu wa Benaco

Mwaka 1972, siku ambazo siasa ya Ujamaa ilikuwa dira ya taifa na fundi wa kinyago angali akiuza kazi yake kando ya njia kwa thamani aipendayo mnunuzi, Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll mwenye asili ya Marekani, aliasisi mjini Dar es Salaam Nyumba ya Sanaa, ili wenye ustadi wa mikono wapate mahali pa kufanyia kazi, vyombo vya kazi na baraza ya kuuzia. Mwaka 1983 wakapata jengo lao wenyewe huko Upanga.

Mgeni hakuingizwa chumbani kimya kutazama picha na kuondoka. Alimkuta mchongaji angali akichonga, mwenye batiki angali akichovya kitambaa, na kando yao mkahawa. Na jioni za Ijumaa ngoma ikipigwa, hata mtu aliyefuata kinywaji tu akajikuta, bila ya kukusudia, anatazama sanaa.

Katika wote waliopita pale, George Lilanga ndiye anayestahiki kusimuliwa kwa kirefu. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, akajifunza kuchonga kwa mila za Wamakonde, na alipohamia Dar es Salaam akaingia Nyumba ya Sanaa kwa kazi ya ulinzi. Lakini mlinzi huyu alikuwa na mkono usiotulia. Waliomzunguka wakauona ustadi wake, naye akapewa nafasi miongoni mwa wasanii, akawachora mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha, juu ya ngozi za mbuzi, juu ya vitambaa na hata katika chuma. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alipofariki mwaka 2005 jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Kama taasisi ile ingalimtazama kwa sare yake tu, tungalimpoteza.

Jengo lile la Upanga halipo tena. Hasara hiyo ni kubwa, wala sioni haja ya kuipamba.

Lakini mfano wake ungali hai, nami nayaandika haya kwa ajili ya Benaco, mji wa wilaya ya Ngara uliopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, na ambao mwishoni mwa Aprili 1994 ulipokea, katika muda wa siku moja na usiku wake, watu wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi iliyowahifadhi ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini njia haikufungwa: malori yangali yakipita, na madereva wangali wakiketi katika vilabu wakingoja. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Rwanda, katika nchi ya zamani ya Gisaka, wanawake huchora michoro iitwayo imigongo kwa samadi ya ng'ombe na majivu, nayo yatafutwa na wageni wa mbali. Huku kwetu kuta za vilabu zimeachiwa matangazo ya bia.

Basi enyi wenye vilabu wa Benaco, teueni ukuta mmoja, mkaribisheni mchoraji au msukaji wa vikapu aketi karibu na mlango, na asitozwe kodi mpaka auze.