Gumegume Mbele ya Sheria

Bunduki ya kizamani ilikuwa na majina kadhaa katika pwani ya Afrika Mashariki, na kila jina lilieleza namna moto unavyoifikia baruti. Ile ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ile ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe lililogongwa na chuma. Iliyofuata ilitumia fataki, yaani kijikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikipigwa. Zote tatu zilishindiliwa mdomoni kwa mdeki, na zote zilikula baruti ileile nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Kwa fundi, tofauti hizo zilikuwa za ufundi tu. Ulifika wakati zikawa tofauti za sheria, na mfanyabiashara mwenye shehena melini akalazimika kulijua jiwe na kuijua fataki kama kadhi anavyojua mirathi.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Mkataba huo uliwafungulia Wamarekani bandari zote za Sultani, wauze na kununua kwa bei watakayokubaliana na wenyewe. Bidhaa tatu tu ziliwekewa sharti: bunduki, baruti na risasi. Katika kisiwa cha Unguja vitu hivyo visiuzwe kwa yeyote ila kwa serikali. Katika bandari nyingine zote za Sultani viliweza kuuzwa bila kizuizi chochote, kwa atakayetoa bei kubwa zaidi.

Sharti hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Seyyid Said hakuichukia biashara ya silaha. Alichotaka ni kwamba nyumbani pake asionekane mwenye bunduki asiyempa yeye. Ng'ambo ya mkondo, Mrima na kwingineko, kila mtu na soko lake. Kwa muuzaji binafsi kutoka Salem au New York maana yake ilikuwa nyepesi: sanduku lilelile lililokuwa haramu kuuzwa Forodhani lilikuwa halali likivushwa bahari kidogo tu. Miaka saba baadaye Sultani mwenyewe akaingia katika safari hiyo. Jahazi lake Al-Sultana, likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, lilifika New York mwezi wa Aprili 1840, na miongoni mwa vitu lilivyorudi navyo, pamoja na vitambaa vya merekani na shanga, zilikuwamo bunduki.

Baada ya hapo biashara ikakua pamoja na njia za pembe. Bunduki zilipanda bara mabegani mwa wapagazi, zikashuka pembe. Hamed bin Muhammed el Murjebi alisimulia mwenyewe kwamba jina la Tippu Tip alipewa kwa sababu ya mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walilihusisha na kupepesa kwake macho. Lakini msukumo mkubwa ulitoka Ulaya. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya huko yaliacha bunduki za kushindilia yakachukua zile zinazotiwa risasi kwa nyuma ya mtutu. Zilizoachwa zilijaa maghalani kwa maelfu, na madalali wakazitafutia wanunuzi. Afrika ikawa jaa la vyuma vilivyopitwa na wakati, jaa lenye faida. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwako Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kwa mwaka kupitia Unguja.

Mwaka huohuo Mrima uliwaka. Abushiri bin Salim na wenzake waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na mwezi wa Desemba manowari za Ujerumani na Uingereza zikaifunga pwani. Sababu mbili zilitangazwa: kuzuia watumwa wasitoke na kuzuia silaha zisiingie. Ya kwanza ilikuwa ya haki, na mabaharia waliokamata majahazi ya watumwa walifanya jambo jema. Ya pili ilimnufaisha zaidi aliyekuwa akipigana na watu wa Mrima.

Kisha yakaja makubaliano ya Brussels. Mkutano ulianza Novemba 1889, na hati yake ikatiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Siku moja kabla yake, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimetia saini mapatano ya kugawana maeneo, ambamo Ujerumani iliikubali himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa dola 17 za mkutano wa Brussels. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya himaya.

Vifungu vya silaha vilihusu eneo lote kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za pwani. Kila bunduki iliyoingia iliwekwa kwanza katika ghala la serikali, kwa gharama na hasara ya mwenye mali. Ya kisasa haikutoka humo ila kwa mtu aliyeaminika au msafiri mwenye barua ya serikali yake. Ilipigwa chapa, ikaandikwa daftarini, na mwenyewe akapewa rukhsa yenye jina lake, ya miaka mitano. Kilichoruhusiwa kutolewa kwa biashara kilikuwa kitu kimoja tu: bunduki ya gumegume yenye mtutu usiochongwa mikato ndani, na baruti ya kawaida. Hata hiyo, mamlaka ndiyo yaliyotaja maeneo ya kuiuza, na kila miezi sita muuzaji alitoa orodha ya alikopeleka mali na ya kiasi kilichobaki ghalani.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Kifungu hakikusema bunduki ya kushindilia. Kilisema ya gumegume. Bunduki ya fataki, ambayo Ulaya yenyewe ilikuwa imeitupa, nayo ilikuwa mpya mno kwa Mwafrika. Sheria ilimrudisha mnunuzi hatua mbili nyuma, hadi kwenye jiwe la babu yake. Wakati huohuo askari wa dola zilizotia saini walikuwa wakipanda bara na bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma na mizinga ya Maxim. Haikuwa siri kwa mtu wa pwani nani aliyeaminiwa na nani aliyehesabiwa kuwa hatari.

Wapenzi wa tenzi wataikumbuka kazi ya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Mwaka 1307 wa Hijra, unaotajwa katika anwani yake, ulianza Agosti 1889 ukaisha Agosti 1890. Mkutano mzima wa Brussels uliingia ndani ya mwaka huo mmoja. Mabwana walipokuwa wakipima mitutu mezani, vita vya utenzi huo vilikuwa havijapoa.

Mpaka kati ya bunduki ya kale na ya sasa ungali unachorwa, ingawa kwa nia nyingine. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968 na marekebisho yake, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale. Vivyo hivyo ile iliyoundwa upya kwa mfano wa zamani, ya kushindilia baruti nyeusi, isiyoweza kutumia risasi za kisasa. Kwa sheria hiyo ya shirikisho, mtu binafsi asiye na leseni ya biashara ya silaha aweza kumuuzia mtu wa jimbo jingine na kumpelekea mali yake, hata kwa posta, mradi sheria za jimbo la mpokeaji hazikatazi, kwani majimbo hayalingani. Mjukuu wa nahodha wa Salem aweza basi kuifunga sandukuni gumegume aliyoirithi na kuituma. Baruti yake ataiacha nyumbani, maana hiyo posta haiipokei kabisa.