Kufuma: neno lililokuwepo Katavi kabla ya kroshia

Mwambie mama anayefuma pale Mpanda mjini, "Nifumie vitambaa vya makochi." Atakuuliza rangi na idadi, basi. Hatauliza kufuma kwa namna gani. Kwake yeye na wateja wake, kufuma ni uzi na sindano ya kroshia.

Lakini neno hilo ni la zamani kuliko kroshia yenyewe.

Kwanza kazi zitenganishwe, maana watu huzichanganya sana. Mkeka na nywele vinasukwa. Maua juu ya shuka yanadariziwa. Gauni linashonwa. Sweta, kofia ya mtoto na kitambaa cha meza vinafumwa. Tofauti ni kwamba sweta hufumwa kwa sindano mbili, kroshia ni sindano moja yenye ndoano nchani. Jina lake limetoka kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya ndoano ndogo.

Sasa turudi nyuma. Karne ya 19, watu wa Ufipa na bonde la Rukwa walikuwa wakilima pamba, wakisokota nyuzi na kufuma nguo kwenye mitambo ya miti. Mpimbwe, ambayo leo ipo Katavi, iko kaskazini mwa bonde hilo hilo. (Katavi yenyewe ilikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012.) Nguo zilikuwa nzito na imara, za kuvaliwa na za kubadilishana. Kufuma wakati huo hakukuwa pambo la sebuleni, kulikuwa ndiyo nguo yenyewe.

Kilichoiua kazi hiyo ni merikani, kitambaa cha viwandani kilicholetwa Zanzibar na meli za Marekani, kikapanda bara na misafara. Kilikuwa hakihitaji mtu kukaa siku nyingi kwenye mtambo. Mitambo ikaachwa, na majina ya wafumaji wake hayakuandikwa popote.

Neno likabaki. Misheni zilipofika, kama ile ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika ambako White Fathers walikabidhiwa boma la Wabelgiji mwaka 1885, zilikuja na shule. Katika shule za misheni nchini, wasichana walifundishwa kushona na kazi za uzi. Kazi mpya ilihitaji jina, na Kiswahili hakikwenda mbali: kikachukua lile la mtambo.

Baadaye reli ya kutoka Kaliua ikafika Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na bidhaa za dukani zikapata njia rahisi. Aliyekosa sindano ya dukani alinoa spoku ya baiskeli na kuikunja ncha. Kitambaa kikafunika redio, meza, makochi, baadaye TV.

Neno lenyewe nalo halijatulia. Kufuma ni pia kumpiga mnyama kwa mshale au mkuki. Humo humo kuna kufumania, ambako hakuhitaji maelezo kwa wapenda umbea! Mfumo, neno la ofisini na kwenye kompyuta, nalo limetoka hapo: nyuzi nyingi zilizoshikana zikafanya kitu kimoja. Na mfumo mbovu, si unajua, unafumuliwa.

Kwa hiyo mtu akibisha bei na kusema, "Si vitambaa vya kufuma tu," ajue anachokidharau. Kroshia imekuja na wageni, sawa. Ila kugeuza uzi kuwa kitu cha kuuza ni kazi ambayo watu wa huku waliifanya kabla ya reli, kabla ya misheni, na kabla merikani haijashushwa melini. Wafumaji wale hawakuacha majina. Mama wa vitambaa yupo, ana jina, na bei yake anaijua.