Sauti Kwanza, Sura Baadaye: Waigizaji Waimbaji na Picha Zao Mbeya na Iringa

Hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Mtu wa Tukuyu, Rujewa au Mafinga aliyempenda mwigizaji alimpenda kwa sikio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilimletea Pwagu na Pwaguzi, ikamletea Mzee Jongo, ikamletea kwaya na michezo ya kuigiza, na sauti hizo zikawa za nyumbani kiasi kwamba watoto waliziiga njiani kwenda shule. Sura hazikuwapo. Pwagu wa Kyela alikuwa mnene, Pwagu wa Kilolo mwembamba, kila nyumba na wake.

Tukisahau hali hiyo hatutaelewa kwa nini picha ya msanii, hata ndogo, hata iliyochapwa vibaya, ilipokelewa kwa hamu kubwa Nyanda za Juu Kusini. Mkazi wa Dar es Salaam aliweza kumwona mwigizaji jukwaani wiki hii na kumwona tena wiki ijayo. Mkazi wa Mbeya alisubiri ziara, na ziara ilikuja inapokuja. Katikati ya ziara moja na nyingine alikuwa na redio, kaseti na picha. Kwa hiyo picha hizo zilifanya kazi kubwa kuliko kukumbusha onyesho: kwa wengi zilisimama mahali pake.

Mapenzi ya aina hii ni ya zamani duniani. Mwaka 1854 huko Paris mpiga picha André Disdéri alisajili njia ya kutengeneza picha ndogo kwa bei nafuu, na baada ya miaka michache watu walikuwa wakinunua sura za waigizaji na kuzipanga kwenye albamu pamoja na za shangazi na binamu zao. London, mwaka 1907, Lily Elsie alipong'ara katika mchezo wa nyimbo wa The Merry Widow, postikadi zake zilinunuliwa hata na watu ambao hawakuwahi kuingia ukumbini. Lakini chimbuko linalotuhusu zaidi sisi liko India. Kule kulikuwa na michezo ya jukwaani ambayo mwigizaji ni lazima awe mwimbaji hodari, na Bal Gandharva, mwanamume aliyeigiza wanawake kwa Kimarathi mwanzoni mwa karne ya 20, alipendwa hadi wanawake wakaiga mavazi yake kutoka kwenye picha. Jukwaa hilo ndilo lililoizaa sinema ya Kihindi yenye nyimbo, na sinema ya Kihindi ndiyo iliyotufikia.

Mbeya ulizaliwa miaka ya 1920 wakati wa dhahabu ya Lupa. Iringa ulikua kuzunguka boma la Wajerumani. Katika miji yote miwili wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walifungua maduka, na sinema ikafuata biashara. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilishika mioyo ya watazamaji kote Afrika Mashariki, na watu wasiojua neno la Kihindi waliziimba nyimbo zake. Filamu ilikaa siku chache, kisha kopo la mikanda likapakiwa kwenye gari kwenda mji mwingine. Zilizobaki mjini ni picha za ukutani. Ukumbi wa sinema ulizitundika mlangoni kuwavuta wateja, na aliyekosa kiingilio aliweza kusimama nje akazitazama apendavyo. Vijana walijifunza hapo jinsi ya kuchana nywele na kuvaa shati, kisha wakaenda studio kupigwa picha kwa mkao uleule.

Hadithi za picha nazo zilipita kwa kasi miaka ya 1960 na 1970. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, aliongoza jarida la Film Tanzania, na vijana waliojua Kiingereza walibadilishana African Film, ambamo Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini aliigiza mpelelezi Lance Spearman. Wasomaji wake hawakuwahi kumsikia Mkwanazi akisema neno. Umaarufu wake wote ulikuwa picha mnato.

Kisha likaja jukwaa lenyewe, na hapa ndipo nataka kukaa.

Serikali ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma muda mfupi baada ya Uhuru, na katikati ya miaka ya 1960 ikawapeleka vijana China kujifunza sarakasi. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza kufundisha. Wakati huohuo vikundi vilichipuka jeshini, viwandani na mitaani. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilianza mwaka 1980, na mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, Chama Cha Mapinduzi kikaanzisha Tanzania One Theatre, ambayo kila mtu aliiita TOT. Onyesho la vikundi hivi lilikuwa sinia moja lenye kila chakula: ngoma za mikoa, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya, na miaka ya 1990 taarabu. Msanii mmoja aliweza kucheza ngoma saa mbili, kuigiza mume mlevi saa tatu na kuimba saa nne. Kama tunatafuta mwigizaji wa jukwaa la nyimbo katika historia yetu, tumtafute hapa.

Ziara za mikoani ziliwezekana kwa sababu ya barabara. Barabara kuu ya Zambia iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Kabla ya hapo kupanda mlima Kitonga na mizigo ya jukwaa kulikuwa shida tupu. Sasa kikundi kiliweza kutoka Morogoro, kikaonyesha Iringa, Makambako na Mbeya, na kikarudi. Gari la matangazo lilitangulia na kipaza sauti chake mitaani, bango likabandikwa sokoni na stendi, na kwa wengi bango hilo ndilo lililowaonyesha sura za wasanii kwa mara ya kwanza.

Usiku wa onyesho kulikuwa na kutunza. Shabiki alipanda na noti yake, akacheza hatua mbili tatu mbele ya mwimbaji, akaiweka noti mkononi au kwenye paji la uso, akashuka. Hapo ndipo mpiga picha wa mtaani alipopata riziki. Filamu yake ilikuwa na picha 36, hivyo alichagua kwa makini nani wa kumpiga, na aliyempiga alikuwa amekwisha kukubali kulipa picha zikisafishwa. Picha hiyo ni ya thamani kwangu kuliko ile iliyopigwa na kikundi chenyewe kwa ajili ya matangazo, kwa sababu ina watu wawili. Mwimbaji yumo na vazi lake linalometameta, na mwuza mchele au mwalimu wa shule ya msingi yumo kando yake, amenyooka, amevaa nguo ya Pasaka. Ikitundikwa sebuleni, mgeni anaelewa bila kuambiwa kwamba mwenye nyumba naye alipanda jukwaani.

Miongoni mwa wote waliopita njia hiyo, nyanda hizi zilimpenda Kapteni John Komba kwa namna ya pekee. Alikuwa mtu wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, alizaliwa mwaka 1954, akafundisha shule kabla ya kuingia jeshini, kisha akaiongoza TOT. Safari yake ya kwenda kwao kutoka Dar es Salaam ilipita Iringa, Makambako na Njombe, na Wanyakyusa wa Kyela walikuwa majirani zake kwenye maji yaleyale. Ujirani ulisaidia, lakini nadhani sababu kubwa ni kwaya. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Walutheri na Wakatoliki nao walijenga misheni zao kutoka Tosamaganga hadi Konde. Kwa vizazi vinne watu wa huku wamekua wakiimba sauti nne. Walipomsikia Komba akipanga kwaya yake, hata maneno yalipokuwa ya chama, waliisikia kazi ya fundi na walijua kuipima. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, nyimbo za maombolezo za TOT zilisikika nchi nzima, na tangu hapo hata wasioipenda siasa ya Komba hawakuweza kumnyima heshima.

Picha zake zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na Komba wa gwaride na Komba wa jukwaa, mwenye mwili mkubwa, kipaza sauti mkononi, jasho usoni. Mashabiki waliipenda ya pili. Alikuja kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi mwaka 2005, na picha rasmi zikaongezeka, ila sijaona nyumba iliyoitoa ya jukwaani ili kuiweka ya bungeni. Alifariki tarehe 28 Februari 2015 na kuzikwa Lituhi.

Taarabu ilileta picha za namna nyingine. Khadija Kopa alitoka Culture Musical Club ya Zanzibar akajiunga na TOT, Muungano wakawa na Nasma Khamis, na ushindani wao wa mipasho ukagawa mashabiki hata katika miji ya baridi isiyokuwa na pwani. Kava la kaseti lilikuwa dogo kama kiganja. Wanawake wengi walilisoma kwa makini: mshono wa gauni, hina, dhahabu ya shingoni, kilemba kimefungwaje. Fundi cherehani alipelekewa kava kama kielelezo. Kaseti ilipochakaa na kukatika utepe, kava lilitolewa na kubandikwa kabatini. Wapo walioona hayo ni upuuzi wa wanawake. Mimi naona ni usomaji wa makini wa sanaa ya mavazi, uliofanywa na watu ambao hakuna jarida lililowaandikia.

Televisheni na video zilipokuja, sura ziliongezeka ghafla. Filamu ya Girlfriend ya George Tyson, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilimpa T.I.D, mwimbaji wa Bongo Fleva, nafasi ya mwigizaji mkuu, na mpaka kati ya mwimbaji na mwigizaji ukafutika tena kama ulivyokuwa jukwaani. Mabango ya filamu yalijaa kwenye vibanda vya video na saluni za kunyoa. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, sura yake ilipanda kwenye fulana, stika na vioo vya magari. Mashabiki wa mikoani wasioweza kufika kaburini Kinondoni waliomboleza kwa picha. Hilo halikuwa geni Mbeya wala Iringa. Ndivyo walivyopenda siku zote, kwa mbali na kwa karatasi.

Miaka hiyohiyo umbali nao ulianza kupungua. Emmanuel Mgaya, Masanja Mkandamizaji wa Orijino Komedi, kundi lililohamia TBC1 mwaka 2008, aliingia pia katika uimbaji wa Injili na akalima mpunga Mbarali. Shabiki wa Ubaruku aliweza kumkuta msanii wa televisheni shambani, na akapiga naye picha kwa simu yake mwenyewe. Picha ya matangazo ikapoteza kazi yake ya zamani.

Kwa sababu hiyo zile za karatasi ziko hatarini. Studio za zamani zinafungwa moja baada ya nyingine kadiri wenyewe wanavyozeeka, na masanduku ya negativu hutupwa kwa kuwa hakuna anayejua yana nini. Nyumba zinapakwa rangi upya, fremu zinawekewa picha za mahafali. Boma la Iringa, lililojengwa mwaka 1914 na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, lina vyumba vya historia ya Chifu Mkwawa na mila za mkoa, na linastahili kuwa na ukuta wa picha hizi pia. Mbeya, wenye chuo kikuu na idadi kubwa ya watu kuliko Iringa, unaweza kuanza na kitu kidogo: kompyuta moja, skana moja, na kijana wa kupita Mwanjelwa, Uyole na Tukuyu kuomba ruhusa ya kunakili. Picha yenyewe ibaki kwa mwenyewe. Kinachohitajika ni nakala pamoja na majibu yatakayoandikwa nyuma yake leo, wakati wenye kujua bado wapo: onyesho lilikuwa wapi, mwaka gani, nani huyu anayetunza, na wimbo gani ulikuwa ukiimbwa.