Noti Inakufa Kwa Freti ya 17: Soma Hii Kabla Uuze Gita

Wasee, mwaka jana nusura niuze gita langu, tena kwa hasira. Tangu niache chuo, hilo gita ndilo jibu langu watu wakiniuliza hapa Voi, "Siku hizi unafanya nini?" Sasa fikiria uko harusini Mwatate, sebene imefika, unapanda juu ya shingo kama wazee wa Kikongo, unagusa freti ya 17 halafu... tik. Noti imekufa. Haikuimba, imekohoa tu. Bibi harusi anacheza, wewe unatoka jasho.

Mmoja akaniambia gita ni feki. Mwingine akasema ninunue pedali. Kilichonisaidia mwishowe ni historia, na si mchezo.

Iko hivi. Ukipiga uzi unaupa nguvu kidogo, kama kredo ya bob kumi. Unaweza kuitumia yote kwa kelele, ama uitumie polepole noti ikae. Huwezi kupata zote mbili kwa wingi. Historia yote ya gita ni watu kubishana na hiyo kredo.

Anza na gita kavu, lile la kisanduku. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, Kongo, mji ambao leo ni Likasi. Mwenda hakuwa na amplifaya. Kisanduku kinachukua nguvu ya uzi na kuimwaga hewani haraka ili watu wasikie, kwa hivyo noti haidumu. Yeye alifanya nini? Alijaza nafasi. Kidole gumba kinapiga besi, kingine kinapiga melodi, noti moja ikiisha nyingine ishaingia.

Huko Marekani walichukua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Les Paul alitengeneza gita kwa kipande kizima cha mbao, likaitwa "Log", yaani gogo. Mbao nzito haitingishiki ovyo, kwa hivyo haili nguvu ya uzi. Kazi ya kelele akaiachia stima. Fender wakaanza kuuza gita la mbao nzima mwaka 1950, Gibson wakafuata na Les Paul mwaka 1952. Noti ikaanza kukaa.

Na sisi Wataita tulikuwa ndani ya hii stori. Fadhili William alizaliwa Taita mwaka 1938, mwaka ule ule aliozaliwa Franco wa Kongo. Jina lake la mwisho ni Mdawida, huhitaji kuuliza kwao ni wapi. Ubishi wa nani hasa alitunga "Malaika" hatuumalizi leo, lakini rekodi aliyoipiga na Jambo Boys ndiyo ilifungua njia. Baadaye alikuwa Equator Sound Band, Nairobi, pamoja na Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Enzi hizo gita la stima ndilo lilikuwa moto wa mji.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunipinga. Hata baada ya stima kuja, wapigaji wetu hawakuhamia kwa noti ndefu za kulia kama za roki. Benga ilifuata nyatiti, noti fupi fupi zinazokimbizana. Sebene ikapanda freti za juu na kufanya vivyo hivyo. Huko juu uzi ni mfupi: kwa gita la kawaida, freti ya 12 inakuachia kama sentimita 32, ya 22 kama 18 tu. Uzi mfupi unazima haraka, hiyo ni sheria ya dunia. Wazee waliigeuza ikawa mtindo.

Lakini kuna kufa kwa kawaida na kuna kuuawa. Gita langu lilikuwa linauawa, na hivi ndivyo nilivyomtafuta muuaji:

Kwanza nyuzi. Zangu zilikuwa na kutu ya chumvi ya Mombasa, nikabadilisha.

Pili, je, ni freti moja ama zote za juu? Ikiwa ni moja, weka ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu zinazofuatana. Ikiyumba, ya katikati imeinuka na uzi unaigonga. Mpelekee fundi aisawazishe.

Tatu, shingo. Mbao inakunywa unyevu na kuupoteza. Gita likitoka pwani kuja kwa jua letu la Voi, ama likishuka kutoka ukungu wa Wundanyi, shingo inaweza kujipinda. Bonyeza uzi freti ya 1 na pale shingo inapokutana na mwili. Karibu na freti ya 7 lazima uone upenyo mwembamba kama karatasi ngumu. Kama hakuna, chuma cha ndani kinalegezwa robo mzunguko, usizidishe.

Nne, pikapu (si ile ya kubeba miraa). Ni sumaku. Ikikaribia nyuzi sana inazivuta na kuzizuia zisicheze, na ukibonyeza freti ya mwisho uzi unashuka karibu nayo zaidi. Acha angalau milimita 2.

Hapo ndipo nilipomkamata muuaji. Mimi mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma niliinua pikapu kwa bisibisi ili nisikike juu ya ngoma. Nilitaka kelele, nikalipa kwa uhai wa noti. Deni lile lile la kisanduku, miaka sabini baadaye.

Nikazishusha. Dakika tano, shilingi sufuri. Freti ya 17 ikaimba. Haikuimba milele, iliimba tu kadiri uzi mfupi unavyoweza. Kwa sebene, hiyo inatosha kabisa.

Kwa hivyo kabla hujaposti "gita linauzwa, bei ya kutupa," shika bisibisi kwanza. Halafu keti usikilize wazee wale walivyotumia kredo yao. Hawakuwa na nyingi, na bado tunacheza.